Mtoto Anayepiga Hodi Kwao

SEHEMU YA 1: Nesi na katuni, wapi na wapi?

 Humu tumezoea kuongelea homa, chanjo, kunyonyesha na uji wa mtoto. Wiki hii nawaletea katuni ya maroboti. Usipite kwanza! Nimeigawa sehemu tano fupi, na ukifika mwisho utakubali kwamba hii ni habari ya wodini, na ya nyumbani kwako pia.

Inaitwa Neon Genesis Evangelion, vijana wanaifupisha tu wanasema Eva. Ni ya Kijapani, zile ambazo watoto wetu wakubwa wanaziita anime. Ilionyeshwa Japani kwenye TV Tokyo kuanzia tarehe 4 Oktoba 1995 hadi tarehe 27 Machi 1996, vipindi 26 basi. Mwongozaji ni Hideaki Anno, akiwa na studio ya Gainax. Huyu baba kabla ya hapo alikaa miaka minne amevunjika, hawezi kufanya kitu chochote. Aliandika hivyo mwenyewe wakati anaanza kazi hii. Sisi wodini tungeongelea sonona. Na mwaka wenyewe ulikuwa mgumu kwao. Januari tetemeko la Kobe liliua watu zaidi ya 6,000, Machi watu wa dhehebu moja wakamwaga sumu kwenye treni za chini ya ardhi mjini Tokyo. Katuni ikatoka katikati ya hofu hiyo.

Hadithi iko hivi. Ni mwaka 2015. Miaka 15 nyuma balaa lilitokea Antaktika, bahari zikapanda, nusu ya watu duniani wakafa. Sasa madude makubwa ya ajabu yanakuja moja moja kuushambulia mji unaoitwa Tokyo-3. Tafsiri ya Kiingereza inayaita Malaika, ni jina tu, msinirushie mawe. Risasi haziyafanyi kitu. Kinachoweza kupambana nayo ni mashine za Eva, maroboti marefu kama maghorofa. Na wanaoweza kuziendesha ni watoto wa miaka 14.

Watoto wakuu ni watatu: Shinji, Asuka na Rei. Hakuna hata mmoja mwenye mama nyumbani. Shikilia hilo.

Tahadhari mapema: hii si katuni ya kumwekea mtoto wa chekechea ili wewe upike. Ina damu, ina mambo ya kikubwa, ina kujiua. Nawaletea nyie wazazi. Na nitaisimulia mpaka mwisho, kwa hiyo kama unapenda kuangalia bila kuambiwa, kaangalie kwanza.

SEHEMU YA 2: Mashine yenye kitovu

Mama uliyewahi kujifungua, hebu itazame hii mashine pamoja na mimi.

Dereva wa Eva haketi akashika usukani kama wa daladala. Anaingia kwenye mrija mkubwa, mrija unasukumwa ndani ya mgongo wa roboti, halafu unajazwa maji mpaka juu. Shinji siku ya kwanza anahangaika, anabana pumzi, anajua anakufa maji. Wanamwambia ayavute tu mapafuni, oksijeni itaingia kwenye damu yenyewe. Na roboti lenyewe linapata umeme kwa waya mrefu uliochomekwa mgongoni. Unajua waya huo unaitwaje? Waya wa kitovu. Ndiyo jina lake kabisa. Ukikatika, betri ya ndani inadumu dakika tano, na likitumia nguvu zote ni dakika moja.

Sasa nani hajaelewa? Mtoto yuko ndani ya maji, mapafu yamejaa maji, na uhai unaletwa na kamba. Hilo ni tumbo la uzazi! Mwanao aliishi hivyohivyo miezi tisa. Mapafu yake yalijaa maji, na oksijeni ilimfikia kutoka kwenye kondo la nyuma kupitia kitovu. Ndiyo maana pale leba tunakisubiri kile kilio cha kwanza kwa hamu. Hapo ndipo mapafu yanaanza kazi, na sisi tunapata nguvu ya kusema hongera mama.

Watunzi hawakuweka kitovu pale kwa bahati mbaya. Mama yake Shinji, Yui, alikuwa mwanasayansi katika kazi hiyohiyo ya Eva. Shinji akiwa mdogo kabisa, mama aliingia kwenye jaribio la mashine, mtoto akiwa palepale anaangalia. Hakutoka. Mwili haukuonekana. Polepole unakuja kugundua kwamba roho ya mama imebaki ndani ya lile roboti ambalo mtoto wake anaambiwa aliendeshe.

Kwenye kipindi cha kwanza kabisa, Shinji hajapanda bado, jengo linatikisika na taa nzito zinaporomoka kumwelekea. Mkono wa roboti unainuka wenyewe, hauna dereva, unamkinga. Wahandisi wanabaki mdomo wazi. Sisi watazamaji tunakuja kuelewa baadaye: yule ni mama.

Lakini mtoto hajui. Hapo ndipo penye uchungu wote wa hii hadithi. Upendo upo, tena mkubwa wa kuinua chuma, ila umefichwa mahali ambapo mtoto hauoni. Anaishi kama asiyependwa na mtu yeyote. Mtoto hashibi chakula kilichofungiwa kabatini, hata kama ni kingi kiasi gani.

SEHEMU YA 3: Hodi

Turudi siku aliyofika. Baba yake, Gendo, ndiye mkuu wa shirika linalomiliki hizo mashine. Alimwacha mtoto alelewe na watu wengine baada ya mama kupotea, na hawajaonana miaka mitatu. Siku moja anamwita. Mtoto anasafiri na moyo unamdunda, labda baba amenikumbuka. Anafikishwa mbele ya roboti na kuambiwa panda ukapigane. Hakuna umekuaje, hakuna umekula nini njiani.

Shinji anakataa. Baba anaamuru aletwe Rei. Jamani, sisi manesi hapo tunashika kichwa. Binti wa umri wake analetwa kwenye kitanda cha magurudumu, bandeji mpaka jichoni, dripu inaning'inia, ndiye akapigane badala yake. Mtikisiko unamwangusha, Shinji anamkimbilia, anaangalia kiganja chake kimejaa damu ya mwenzake. Basi anasema atapanda. Ameingia kwa sababu akikataa mwingine ataumia. Mtoto wa miaka 14 amebebeshwa mzigo huo na watu wazima waliosimama pembeni wanaangalia.

Akiwa mle ndani ya maji anasema anasikia kichefuchefu. Msimamizi wake, dada mmoja anaitwa Misato, anamkatisha: vumilia, si wewe mwanaume? Mama, hiyo sentensi unaijua. Naisikia kwenye chumba cha sindano kila siku. Mtoto wa kiume wa miaka minne anatetemeka, anaambiwa mwanaume halii. Analia, sindano inauma! Mshike mkono, mwambie inauma kidogo na itaisha. Ujasiri unaanzia kwa mtu aliyekubali kwamba unaumia.

Baada ya pambano Shinji anazinduka hospitali, anaangalia dari asiyoijua. Watoto wengi wodini wanaanza hivyo, macho juu, wanatafuta kitu kimoja wanachokifahamu. Baba hayupo pembeni ya kitanda. Wakati wa kutoka, mlango wa lifti unafunguka, baba yumo ndani. Mtoto anageuza uso. Mlango unajifunga. Hakuna aliyesema neno.

Wakubwa wameshapanga mtoto akaishi peke yake. Misato anakataa, anamchukua kwake. Sasa sikiliza hili. Shinji anafika mlangoni na kusema lile neno la Kijapani la mgeni anayeingia nyumba ya watu. Kwetu ni hodi. Misato anamwambia hapana, hapa ni kwako. Mtoto anasitasita, anavuka kizingiti, anasema kwa sauti ndogo: nimerudi. Na Misato anamjibu: karibu nyumbani.

Nyumba yenyewe vurugu tupu, makopo ya bia, vyakula vya pakiti, na ndege pengwini anayefugwa ndani. Misato si mlezi wa mfano. Lakini alijua kitu ambacho baba mwenye shirika zima hakukijua, kwamba mtoto hatakiwi kupiga hodi kwao.

Mwaka juzi mtoto wa dada yangu alihamia kwangu, akiwa na miaka 13. Mama yake yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, anatuma hela kila mwezi na hajawahi kukosa. Mtoto alishapita nyumba tatu za ndugu kabla ya kwangu. Wiki za kwanza kila mgeni alimsifia: ana adabu huyo! Anaosha vyombo kabla hajatumwa. Anaomba ruhusa kunywa maji. Anakaa ncha ya kochi. Mimi nilimwangalia nikasema moyoni, huyu hajatulia, huyu analipa kodi. Adabu ni kitu kizuri, lakini mtoto anayeomba ruhusa kunywa maji ya nyumbani bado yuko mlangoni. Nilimpa ufunguo wa nyumba, wake mwenyewe, na nikamwambia siku ukivunja sahani bado utalala hapa. Ilichukua miezi. Siku alipoanza kubishana na mimi kuhusu rimoti, nilimpigia dada yangu simu usiku uleule kumwambia, dada, mtoto amefika.

Ndiye aliyenionyesha hii katuni, kwenye simu yake. Alisema, mama mdogo, huyu Shinji namwelewa.

Kuna kipindi cha 12, nakipenda sana. Watoto wanalidaka kwa mikono dude linalodondoka kutoka angani, wanaokoa mji. Baba kutoka mbali anampongeza Shinji kwenye redio, maneno mawili matatu tu. Jioni Misato anawapeleka kula, na watoto wanachagua kibanda cha tambi cha barabarani, wanajua mshahara wake mdogo. Hapo Shinji anasema labda hiki ndicho kinachonifanya nipande, nataka baba anisifie. Anatabasamu kabisa. Mimi tambi hazikunishuka. Maana mtoto akishaamini kwamba anapendwa kwa ajili ya kazi, siku kazi ikimshinda atajiona hana haki ya kuwepo. Wengine wanafika mapokezi kwetu mwezi wa matokeo ya mitihani. Sitasema zaidi.

SEHEMU YA 4: Mama akiugua

Hii sehemu naomba usome ukiwa umekaa.

Asuka ni binti mwenye kelele, mjuaji, amemaliza chuo kikuu akiwa na miaka 14. Utamchukia vipindi vitatu vya kwanza. Halafu kwenye kipindi cha 22 unafunguliwa moyo wake. Mama yake, Kyoko, naye alifanya jaribio kwenye Eva na akatoka akiwa na ugonjwa wa akili. Akalazwa. Kitandani alikuwa na mwanasesere, anamwita jina la Asuka, anambembeleza, na Asuka mwenyewe amesimama pale mlangoni haonekani. Siku mtoto alipochaguliwa kuwa dereva alikimbia kwenda kumwambia mama, mama niangalie sasa! Akamkuta amejinyonga.

Tangu siku hiyo Asuka aliapa hatalia, hatamhitaji mtu. Watu wakaona binti jasiri. Kumbe kila anachoshinda bado ni kuita, mama niangalie. Aliposhindwa kazi, alizima kama taa. Kwenye filamu ya mwisho wa hadithi yao, The End of Evangelion ya mwaka 1997, unamkuta yuko hospitali, amelala, haitikii.

Nasema nini na nyie? Mambo mawili.

La kwanza, mama, ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama presha. Kama umejifungua na wiki zinapita, unalia bila sababu, huna hamu na mtoto, hulali hata mtoto akilala, au mawazo yanakwambia bora usiwepo au umdhuru mtoto, usisubiri siku ya kliniki. Nenda kituo cha afya leo na useme hivyohivyo kama ulivyosoma hapa. Tumeshasikia, hatushangai, na inatibika. Na wewe mume au mama mkwe unayesoma, usimwambie anadeka au amerogwa. Msindikize, na usimwache peke yake.

La pili, mtoto wa mzazi anayeumwa aambiwe ukweli kwa saizi yake. Watoto wadogo wakinyimwa maelezo wanajitungia, na mara nyingi wanajiweka wao kuwa kosa. Mwambie: mama anaumwa kichwani, madaktari wanamtibu, haikusababishwa na wewe, na kuna mimi wa kukupikia na kukupeleka shule. Sentensi nne tu. Asuka hakupewa hata moja.

Kuna mama mwingine kwenye hadithi, Naoko. Yeye ni fundi wa kompyuta, alitengeneza kompyuta tatu zinazoongoza mji mzima, na kila moja akaipa upande mmoja wa nafsi yake: mwanasayansi, mama, na mwanamke. Zikiamua jambo zinapiga kura, na hazikubaliani kila mara. Nilicheka peke yangu chumba cha manesi saa tisa usiku. Ni nani humu hajawahi kupigiwa kura hizo kichwani? Kazi inasema nenda zamu. Mama anasema mtoto ana homa. Mwanamke anasema na mimi nimechoka, nataka kulala. Wote watatu ni wewe. Naoko mwenyewe mwisho wake haukuwa mzuri, kwa hiyo simfanyi mfano. Ila alikuwa mkweli kukubali kwamba wako watatu. Ukimnyima mmoja kura miaka yote, siku atakuja kuangusha serikali.

SEHEMU YA 5: Nungunungu na neno pole

Kina baba, sasa njooni karibu.

Kipindi cha nne kinaitwa mashaka ya nungunungu. Ni mfano wa zamani wa mwanafalsafa Mjerumani, Schopenhauer. Nungunungu wawili wanasikia baridi, wanasogeleana wapate joto, miiba inachomana. Wakiachana wanaganda, wakisogeleana wanaumizana. Kukua ni kujifunza kile kiasi cha ukaribu ambacho joto linafika na miiba haichomi sana.

Utafikiri Gendo ni katili tu. Lakini kwenye ile filamu ya 1997, mwishoni kabisa, anakiri. Anasema aliamini hapendeki, na kwamba akiwa karibu na mwanaye atamuumiza tu, basi heri asifanye lolote. Miaka yote ile ya ukimya ilikuwa ni woga! Baba mwenye uwezo wa kuamrisha jeshi anaogopa mtoto wa miaka 14.

Nimewaona kina Gendo wengi kwenye korido. Baba anafika wodi ya watoto na mfuko wa machungwa, anasimama mlangoni, anauliza "vipi hali", anampa nesi mfuko, anaondoka. Ndani mtoto ameshamsikia sauti, ameshainua kichwa. Baba, huhitaji hotuba. Ingia. Kaa kwenye kile kiti cha plastiki. Menya chungwa moja. Hiyo ni dawa na haiuzwi famasia.

Vipindi viwili vya mwisho vya mwaka 1996 viliwakasirisha watazamaji wengi. Walitaka vita, wakapewa mtoto anayejihoji ndani ya kichwa chake mpaka anafikia kusema labda ninaweza kujipenda, labda naweza kuwepo hapa. Watu wote wanamzunguka, wanampigia makofi na kumpongeza. Amepongezwa kwa kuwepo, hajaua dude lolote. Sisi wa leba hatukushangaa. Kila mtoto anapokelewa hivyo, hongera, na hajafanya kazi yoyote bado. Shida ni kwamba hongera hiyo wengine wanaipata mara moja tu maishani.

Anno akairudia hadithi upya kwa filamu nne, ya kwanza mwaka 2007 na ya mwisho Machi 2021. Kwenye hiyo ya mwisho kuna kijiji cha watu walionusurika. Binti aliyefanana na Rei, ambaye hakulelewa na mtu, anajifunza kupanda mpunga na kina mama, anamwangalia mtoto mchanga, anauliza maana ya salamu ya asubuhi. Anaelezwa kwamba ni namna ya kuombeana tuishi pamoja na leo tena. Wewe unayemwamsha mwanao kwa "hujaamka tu?", jaribu kesho "umeamkaje".

Na kwenye filamu hiyohiyo, baba na mtoto hatimaye wanaongea. Gendo anamkumbatia Shinji akiwa kama mtoto mdogo na anamwomba radhi. Nilihesabu. Kuanzia kipindi cha kwanza hadi neno lile ni zaidi ya miaka 25. Watoto walioianza hadithi shuleni walikuwa na watoto wao tayari.

Wewe usisubiri hivyo. Kama mwanao yuko kwa bibi, kwa shangazi, bweni, au wewe ndiye uko mbali kutafuta, hela zako zinafika na ni upendo wa kweli, sikudharau hata kidogo. Lakini ule ni mkono ndani ya chuma. Mtoto anataka kusikia sauti ikisema nimekumbuka, niambie ulikula nini, pole kwa kuwa sipo. Mtumie sauti ya dakika moja leo. Kama yuko chumba cha pili, ni rahisi zaidi.

Kwa wenye vijana wa miaka 16 na kuendelea wanaotaka kuiona: iliingia Netflix Juni 2019. Angalia wewe kwanza, halafu mkae pamoja. Na akikwambia "huyu namwelewa", usicheke. Punguza sauti, umuulize anamwelewa vipi.

Nimemaliza. Mwenye swali lisilofaa mbele za watu aniandikie pembeni, nikitoka zamu najibu. Wiki ijayo tunarudi kwenye uji, nimewaona mnaoulizia karanga. Usiku mwema, na mkaribishane nyumbani.